Mstari wa Madumu ya Njano

Jumamosi, 12 Oktoba

Mjomba Dismasi amefika kwa ndege. Si yake hasa, ni ya klabu ya marubani, lakini ameiendesha mwenyewe kutoka Tabora. Ni ndogo, nyeupe, ina viti viwili tu, na nilipoiona uwanjani nilidhani bado hawajamaliza kuiunda. Mwezi ujao, Jumamosi ya tarehe 16, kutakuwa na maonyesho ya ndege juu ya ziwa mbele ya soko la samaki la Katonga, na mjomba ndiye atakayepinduka angani. Ni mdogo wake Mama. Atakaa kwetu hapa Buzebazeba mpaka siku hiyo, katika chumba changu. Mimi nimehamia chumbani kwa Mama.

Nilikuwa nimeandaa maswali. Nikasema, "Shikamoo, mjomba," basi, mengine yote yakapotea. Akauliza niko kidato gani. Nikasema cha tatu. Akasema vizuri. Nikaenda jikoni.

Jumapili, 13 Oktoba

Bibi Yunisi, mama yao Mama na mjomba, amepiga simu kutoka kijijini Mwamgongo, kaskazini mwa ziwa. Ametumia simu ya Nehemia, binamu yao mwenye boti. Bibi ana mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilipasuliwa likashindikana, na la kulia hataki liguswe, ingawa anasema kwa hilo anaona kama mtu aliye ndani ya moshi. Kule kijijini watu wanamwambia mwanawe ni konda wa ndege, anafunga milango na kugawa maji, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiendesha. Bibi mwenyewe hajui aamini lipi.

"Nataka nione kwa jicho langu kabla halijazimika," alisema, sauti ikasikika chumba kizima. "Upite juu ya nyumba yangu, chini kabisa, nikione kichwa chako."

"Mama, siruhusiwi."

"Nani anakukataza kupita kwa mama yako?"

"Sheria."

"Mlete huyo Sheria niongee naye."

Mama alicheka, nami nikacheka. Mjomba hakucheka. Alisema anaruhusiwa kuruka mbele ya Katonga tu, si mahali pengine, na Bibi aje Katonga. Bibi akasema, "Ego," ambayo kwa Kiha ni ndiyo, lakini jinsi alivyoitamka haikuwa ndiyo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, hakuna shule. Asubuhi mjomba alitoka uani pekupeku, akanyoosha mkono kama ndege, akaanza kutembea polepole huku akiinama, akigeuka na kunong'ona peke yake. Alifika kwenye kamba ya nguo, akarudi, akaanza upya. Mama Elida wa jirani aliacha kufua.

"Devota, mdogo wako ana nini?"

"Anaruka," alisema Mama.

"Anaruka wapi, mbona yuko chini?"

"Ndivyo wanavyoanza."

"Mh. Mchungaji yupo nyumbani leo, nikuitie?"

Ijumaa, 18 Oktoba

Joto. Moshi wa mashamba yanayochomwa umefunika ziwa, milima ya Kongo haionekani kabisa.

Jumapili, 20 Oktoba

Mjomba amenipa kitabu cha kanuni nisome, kwa sababu klabu inataka matangazo ya Kiswahili na Mama amewaambia kwamba mimi naandika vizuri. Nimekisoma chote, halafu nikarudia.

Nilidhani rubani wa maonyesho anafanya anavyotaka. Kumbe hawezi kufanya chochote ambacho hajakifanya kwanza kwenye mazoezi mbele ya msimamizi. Akiwaza jambo jipya angani, hata likiwa zuri namna gani, haruhusiwi. Kuna mstari, na watu wanakaa upande mmoja, ndege upande mwingine, na pua ya ndege isielekezwe kwa watu hata kidogo. Kila rubani ana kimo chake ambacho hatakiwi kushuka chini yake. Cha mjomba ni futi mia tatu. Akishuka hata kama hakuna aliyeona, anatakiwa aseme mwenyewe. Na msimamizi akitamka "simama" mara tatu kwenye redio, rubani analaza mabawa sawa, anapanda juu, anaondoka. Hatakiwi kuuliza kwa nini.

Nilimuuliza, "Sasa raha yake iko wapi?"

Ni swali langu la kwanza tangu aje. Akasema, "Hata mimi huwa najiuliza nikiwa chini."

Jumanne, 22 Oktoba

Shuleni Bariki amesikia. "Oya Honorata, mjomba'ko anaruka futi mia tatu? Kuku wa kwetu anaruka zaidi ya hapo." Darasa zima likacheka. Nikataka kusema ni mita tisini na kitu, na kuna sababu. Nikafungua begi nikajifanya natafuta kalamu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua ya kwanza. Kidogo tu, imefanya tope na kuacha joto palepale.

Alhamisi, 31 Oktoba

Msimamizi wa maonyesho amefika, Kapteni Catherine. Ni mama mfupi, anaongea taratibu, na akikuuliza jambo anasubiri mpaka umalize, jambo ambalo linanitisha. Aliuliza matangazo ya kuwazuia wenye boti yabandikwe wapi. Nikasema zinakoshusha boti: Kibirizi, Ujiji na Katonga. Akaandika.

Siku ya maonyesho mwezi utakuwa mpevu na wavuvi wa dagaa hawatoki, maana taa hazivuti dagaa kukiwa na mbalamwezi. Ndiyo maana tarehe hiyo ilichaguliwa. Ziwa litakuwa tupu.

Mstari wa majini utawekwa kwa madumu ya mafuta ya kula, yale ya njano, yaliyofungwa kamba na mawe. Mjomba ndiye aliyetoa wazo hilo. Kutoka juu njano inaonekana vizuri kuliko kitu chochote.

Jumamosi, 2 Novemba

Sijui niandikeje ya leo. Nilikuwa nimempa mjomba heshima yote niliyo nayo, sasa nusu yake sijui iko wapi.

Jana jirani waliozesha, muziki ulipiga mpaka alfajiri. Asubuhi tulikwenda uwanjani kwa ajili ya mazoezi, na Mama alikuwa amewaalika wenzake wanne kutoka sokoni waje wamwone mdogo wake. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Ndege ilikuwa imeshasukumwa nje. Mjomba akamwendea Kapteni Catherine, akasema, "Kapteni, sikulala. Siwezi kuruka leo."

Kapteni akasema, "Asante kwa kuniambia." Ndege ikarudishwa ndani.

Hakuna aliyemuuliza! Hakuwa anapiga miayo. Angenyamaza, nani angejua?

Njiani Mama alimwambia, "Umeniaibisha mbele ya watu."

"Dada, nilikuwa nimechoka."

"Mimi naamka kila siku nimechoka, naenda Katonga kuuza samaki. Umeona nimemwambia nani?"

"Samaki hawaruki."

"Usinijibu hivyo, Dismasi."

Mimi nilikaa katikati yao, nikiwa upande wa Mama kwa moyo na upande wa kitabu cha kanuni kwa kichwa, na hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua kutwa nzima. Mazoezi yameahirishwa, mawingu yako chini mno.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua.

Jumapili, 10 Novemba

Mjomba amefanya mazoezi mara mbili, jana na leo. Nilikuwa pale. Ile ndege ndogo ilipanda mpaka ikawa kama nyuki, ikageuza tumbo juu, ikashuka kama kitu kilichoachiwa. Halafu nikagundua kwamba najua kinachofuata. Nilikuwa nimekiona uani, kati ya kamba ya nguo na choo. Hapa atageuka kushoto. Akageuka kushoto. Hapa ataviringika. Akaviringika. Nilitokwa machozi, na sijui kama ni kwa sababu ilikuwa nzuri au kwa sababu nilikuwa najua.

Aliposhuka, jambo la kwanza alilomwambia Kapteni Catherine ni, "Mzunguko wa pili nilifika mia tatu na kumi. Karibu mno na kimo changu."

"Nimeona," alisema Kapteni.

Bibi amesema atakuja. Nehemia atamleta Ijumaa, alale kwetu.

Ijumaa, 15 Novemba

Upepo mkali kutoka kusini, mawimbi yanaruka juu ya mawe. Nehemia amepiga simu: hakuna anayeweza kuingia ziwani leo. Watatoka kesho alfajiri. Mjomba alimwambia, "Fika Kibirizi kabla ya saa tatu. Saa nne ziwa linafungwa."

"Usijali, Kapteni wetu," alisema Nehemia. "Hata ukitaka saa mbili nitafika."

Jioni upepo umetulia. Mjomba amekunja shati lake kwenye kiti, akalikunjua, akalikunja tena.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika yote kwa mpangilio, labda nitaelewa.

Katonga ilijaa tangu asubuhi. Watu walikaa juu ya vichanja vya kuanikia dagaa, juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, juu ya mabega. Mimi niliwekwa kwenye meza chini ya turubai, kati ya mtangazaji mmoja wa mjini anayependa sauti yake na Kapteni Catherine mwenye redio. Kazi yangu ilikuwa kumpa mtangazaji karatasi. Majini madumu ya njano yalikuwa yamejipanga sawasawa. Boti mbili za doria zilikaa, moja kila mwisho.

Saa tatu Bibi hakuwa amefika. Mama alikuwa Kibirizi anamsubiri. Saa nne hakuwa amefika. Simu ya Nehemia haikupatikana. Ziwa likafungwa. Nikaona mjomba hajui, ameshakwenda kwenye ndege.

Alianza saa tano kasoro. Sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakivuta pumzi pamoja. Watoto waliacha kupiga kelele. Kapteni Catherine hakuitazama ndege kama sisi, alitazama maji, mstari, ndege, maji.

Boti ya doria ya kaskazini iliondoka mahali pake kuwafukuza vijana watatu waliokuwa wanaogelea kuelekea kwenye madumu. Ndipo ikatokea boti nyingine kutoka upande wa Gombe. Ilikuwa ndefu, ya mbao, yenye watu wengi na miavuli. Ilikuja moja kwa moja kuelekea Katonga mpaka ikakaribia madumu. Nilidhani itapita kwa ndani, ije ufukweni, iwe salama. Ikageuka. Ikaenda kwa nje, upande wa kina kirefu, ikafuata mstari wa madumu dumu kwa dumu, kwa adabu kabisa, chini ya ndege.

Mjomba alikuwa anashuka, pua chini.

Kapteni Catherine alisema, "Simama, simama, simama." Sauti yake haikupanda. Mabawa yakalala sawa, pua ikainuka, ndege ikapita juu ya boti ikiwa inapanda, ikaenda, ikawa ndogo juu ya ziwa.

Nilisubiri arudi. Kwenye redio mtu alisema ndege ya abiria inakaribia uwanjani na anga inafunguliwa kwake. Kapteni Catherine alitazama saa, akasema, "Imekwisha. Rudi uwanjani."

Mtangazaji hakuwa na karatasi ya jambo hilo. Akasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, rubani wetu ameogopa mtumbwi!"

Kicheko kilitoka kila upande. Bariki, kutoka juu ya kichanja, alipiga kelele, "Kapteni Mtumbwiii!" na watu wakaipokea kama wimbo. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Boti ya doria iliileta ile boti ya mbao ufukweni. Mtu wa kwanza kuruka majini alikuwa Nehemia. Wa pili, aliyebebwa mgongoni mwake, alikuwa Bibi Yunisi katika kitenge chake kipya.

Nilikimbia. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Amerudi uwanjani."

"Mimi nilikuwa nasali tusizame," alisema. "Nikasikia mngurumo juu ya kichwa. Nikainua uso, hakuna kitu." Akanishika mkono. "Atarudi saa ngapi?"

Nehemia akawa anabishana na watu wa doria.

"Saa nne imepita, ndiyo, injini ilizima mara mbili. Nikaona nikiingia Kibirizi halafu tupande gari, Bibi hawezi kuwahi. Nikaja moja kwa moja."

"Na kwa nini ulipita nje ya mstari?"

"Mstari gani? Nimeona madumu. Dumu majini ni alama ya wavu wa mtu. Ningepita kwa ndani nikakata kamba za watu kwa panga la injini, nyinyi ndio mngenilipia? Nimezunguka kwa nje kama mtu aliyelelewa."

Nilisimama pale na maji yanaingia kwenye viatu vyangu vya shule. Kila mtoto wa pwani hii anajua dumu ni nini. Mimi najua. Mjomba aliyezaliwa Mwamgongo anajua. Na tangazo langu linaloeleza mstari huo liko Kibirizi, Ujiji na Katonga. Hakuna nililobandika Mwamgongo, kwa sababu watu wa Mwamgongo wote hushukia Kibirizi.

Mchana kulikuwa na kikao uwanjani, nami nikaitwa. Desturi yao ni kwamba kila rubani anaanza na makosa yake. Mjomba alisimama. Nilidhani atasema boti iliingia wakati ziwa limefungwa, au doria iliondoka mahali pake. Yote ni kweli.

"Nilitazama mstari, sikutazama maji ya upande wangu," alisema. "Na madumu ni wazo langu. Baba yangu alinichapa nikiwa mdogo kwa kupitisha mtumbwi juu ya dumu la mtu. Nikayasahau yote hayo kwa sababu kutoka juu yalionekana vizuri."

Kapteni Catherine akaandika. "Mwingine?"

Mkono wangu ulinyanyuka. Sijui nani aliunyanyua. Nikasema habari ya matangazo na Mwamgongo, sauti ikakatika katikati, nikarudia. Nilisubiri wanigombeze.

"Nilipaswa kuuliza zaidi ya mtu mmoja," alisema Kapteni. "Asante. Mwingine?"

Kama vile nimeulizwa saa nikaitaja! Nilikaa chini nikiwa nimechanganyikiwa kuliko kama wangenichapa.

Tulirudi kwa miguu mimi na mjomba. Mpaka wakati huo hakuna aliyemwambia ni nani alikuwa kwenye boti, ikabidi niseme mimi. Alisimama barabarani. Bodaboda ikampigia honi, hakusogea.

"Ungejua ni Bibi, ungefanyaje?" nilimuuliza.

"Kitabu kinasema ningefanya vilevile."

"Na wewe?"

"Sijui, Honorata. Mama yangu yuko chini pale, anataka kuniona, na ninajua ni yeye. Labda ningeshuka kidogo tu. Kidogo tu." Akafuta uso. "Nashukuru sikujua."

Jumapili, 17 Novemba

Mvua kubwa, bati haliruhusu maneno. Mjomba alimwamkia Bibi, Bibi akaitikia marahaba akiutazama ukuta. Baadaye nilimsikia akimwambia Mama, "Wangeniambia ningelala chini botini, apite. Kwani mimi ni mkubwa kiasi gani?"

Mama alimtazama mjomba aliyekaa mlangoni, akamwongezea chai bila kuombwa. Tangu ile asubuhi baada ya harusi hakuwa amemwongezea kitu.

Watoto wa mtaani wanapita wakiimba Kapteni Mtumbwi. Mama Elida amewafukuza kwa ufagio.

Jumatatu, 18 Novemba

Mjomba alipaswa kuondoka asubuhi. Bibi aliamka kabla ya wote, akavaa kitenge kile kile, kimekauka na kuacha alama ya maji, akasema, "Nipelekeni kwenye ua wa uwanja. Kusimama barabarani napo ni sheria?"

Mjomba akasema hapana, hapo anaruhusiwa kila mtu.

Tulimshusha kwenye bajaji pale kwenye ua wa waya, mimi, Mama na Nehemia. Nilikuwa na ruhusa ya kuchelewa shule. Anga ilikuwa imeoshwa, milima ya Kongo ilionekana yote. Nilimgeuza Bibi taratibu kwa mabega mpaka akaielekea njia ya ndege.

Ile ndege nyeupe ilikuja inanguruma, ikaacha ardhi mbele yetu, si juu sana bado. Kwa kufumba na kufumbua nilikiona kichwa cha mjomba kwenye kioo. Nikawaza, sasa. Hakuna umati, hakuna maonyesho, ni mama yake tu kwenye waya. Atainamisha bawa upande mmoja na mwingine, kama anayepunga mkono. Nani atamshtaki? Nilisubiri. Hakuinamisha. Alipanda juu moja kwa moja, sawasawa, mpaka akawa nukta, kisha nukta ikaisha. Nilihisi hasira, halafu nikahisi kitu kingine ambacho bado sijakipatia jina.

Bibi alikuwa bado ameinua uso. Alikuwa anatazama juu zaidi kidogo ya mahali ndege ilipopita, au labda ndipo hasa ilipopita kwa jicho lake, sijui.

"Nimemwona," alisema. "Ni yeye anayeendesha. Ana kichwa kikubwa cha baba yake. Mmeona alivyonipungia bawa?"

Mama alinitazama haraka, akanibana kiwiko. Nehemia alisema, "Tumeona, Bibi."

"Nakuuliza wewe, Honorata. Wewe ndiye una macho. Umeona nini?"

"Nimeona ndege nyeupe, Bibi. Mjomba yuko ndani, peke yake. Imepanda juu imenyooka, haikuyumba hata kidogo, mpaka imepotea."

Bibi alitikisa kichwa polepole kukubali, akajifunga kitenge vizuri.

"Ego," alisema. "Ndivyo alivyonipungia."